Kifaa cha umeme kwa maumivu ya miguu: kabla ya kuchangisha, tumuulize mgonjwa

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Dodoma

Ijumaa moja ya mwezi wa Rabiul Akhir, mara baada ya swala, nilishika kipaza sauti cha msikiti wetu hapa Dodoma kama nifanyavyo karibu kila wiki, nikatangaza mchango. Safari hii haukuwa wa mabati wala wa tangi la maji. Ulikuwa kwa ajili ya mzee mmoja, mkulima wa alizeti na mtama kutoka Kondoa, ambaye kwa miaka sita nyayo zake humuungua usiku kana kwamba zimewekwa juu ya makaa. Watoto wake walikuwa wamesikia kwamba India kuna kifaa cha umeme kinachopandikizwa mwilini na kuyatuliza maumivu ya namna hiyo. Waumini hawakuwa wachoyo. Kabla ya Alasiri zilikuwa zimepatikana shilingi milioni mbili na laki nne taslimu, mbali na ahadi.

Mzee huyo ni baba yangu mdogo. Hakuwapo msikitini siku hiyo. Jioni nilikwenda kumpelekea habari njema nyumbani kwa mwanawe anakofikia ajapo mjini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza: "Mwanangu, nani aliyewaambia kwamba nimekubali kufunguliwa mgongo?"

Sikuwa na jibu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza. Kwa aibu hiyo nikaanza kuitafuta elimu ambayo ilinipasa kuwa nayo kabla ya kushika kipaza sauti, na haya niyaandikayo ndiyo niliyoyapata. Najua nyumba nyingi za wasomaji wa ukurasa huu zina mzee wa namna hii.

Maumivu ya baba mdogo yana jina. Kisukari kilichokaa mwilini miaka mingi bila kudhibitiwa huharibu mishipa ya fahamu, na huanza na ile iliyo mirefu kuliko yote, yaani iendayo kwenye vidole vya miguu. Mshipa uliojeruhiwa haunyamazi. Huupelekea ubongo habari za moto pasipo moto, na za sindano pasipo sindano. Ndiyo maana shuka jepesi likigusa unyayo wake usiku huruka kama aliyeguswa na pasi. Na ajabu ya maradhi haya ni kwamba mguu huohuo unaoungua bure waweza kukanyaga msumari wa kweli na mwenyewe asijue.

Mimi, kwa mazoea ya watu wa chuo, nilikuwa nimemkumbusha mara nyingi fadhila za subira. Alinisikiliza kwa adabu. Baadaye mama mdogo ndiye aliyenieleza kuwa mumewe hulala saa mbili tu kwa usiku, na kwamba Ramadhani iliyopita aliswali Tarawehe nyumbani kwa kuona haya kukalia kiti mbele ya vijana.

Sasa kifaa chenyewe. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walitoa nadharia kwamba ndani ya ugwe wa fahamu, ule upitao katikati ya uti wa mgongo, pana kitu mithili ya lango. Habari za maumivu hupitia hapo kwenda kwenye ubongo, na habari nyingine, kama za mguso, zinaweza kulifunga lango hilo kwa kiasi. Kila mama anaijua nadharia hiyo bila kuisoma: mtoto akijigonga goti, humsugua papohapo na kilio hupungua. Miaka miwili baadaye, mwaka 1967, daktari wa Marekani aitwaye Norman Shealy alimpandikizia mgonjwa wa saratani kifaa cha kupeleka umeme mdogo kwenye ugwe huo. Vifaa vya leo ni wajukuu wa kile cha Shealy.

Huwekwa hivi. Nyaya nyembamba huingizwa kwa sindano kubwa katika nafasi iliyo nyuma ya ugwe wa fahamu, kisha huunganishwa na betri ndogo inayofukiwa chini ya ngozi, juu ya kalio au ubavuni. Betri hupeleka mapigo ya umeme, na mgonjwa huyapunguza au kuyaongeza kwa rimoti. Vifaa vya zamani humfanya mtu ahisi mtekenyo mahali palipokuwa na maumivu. Baadhi ya vipya hufanya kazi bila kuhisiwa chochote. Ipo pia aina inayolenga fundo la mshipa pale unapoingia kwenye uti wa mgongo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa maumivu sugu ya mguu yanayobaki baada ya jeraha au upasuaji.

Lililonivutia kuliko yote ni kwamba kifaa hiki kina kipindi cha majaribio. Nyaya huingizwa kwanza, betri ikabaki nje ya mwili, na mgonjwa akaenda nayo nyumbani kwa siku kadhaa, aghalabu wiki moja hivi. Maumivu yakipungua kwa nusu au zaidi, ndipo betri hufukiwa. Yasipopungua, nyaya huvutwa na mambo yakaishia hapo. Ni operesheni chache mno zinazomwonjesha mtu matokeo kabla ya kumfunga.

Je, kinafaa? Kwa kisukari, utafiti unaotajwa sana ulifanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2021. Wagonjwa 216 waligawanywa kwa kura: wengine waliendelea na dawa peke yake, wengine wakaongezewa kifaa. Kati ya waliopewa kifaa, takriban wanane katika kila kumi walipata nafuu ya nusu ya maumivu au zaidi. Kwa wale wa dawa peke yake alikuwa mmoja katika ishirini. Mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Marekani ikakiidhinisha kwa ugonjwa huu. Watoto wa baba mdogo waliposoma takwimu hizo waliona mjadala umekwisha.

Haujaisha. Utafiti huo uligharimiwa na kampuni inayotengeneza kifaa, na kila mgonjwa alijua kama amepewa au hakupewa, jambo linaloweza kuikuza nafuu katika nafsi ya mtu mwenye matumaini. Mwaka huohuo wa 2021 watafiti wa Cochrane, ambao kazi yao ni kuzipima tafiti za wengine, walipitia ushahidi wa vifaa hivi kwa maumivu sugu ya kila namna, wakasema uhakika wake bado ni mdogo. Na kuna utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2014, wenye wagonjwa 36 tu, wote wa kisukari na maumivu ya miguu. Wengi waliowekewa kifaa walipata nafuu, lakini mmoja alifariki kwa damu kuvuja ndani ya fuvu baada ya sindano kutoboa utando unaozunguka ugwe. Nimeliandika hili kwa sababu hatukulitangaza siku ile ya mchango. Madhara ya kawaida zaidi ni waya kuhama mahali pake, au kidonda kuingiwa na vijidudu hadi kifaa kitolewe. Na mwenye kisukari, kama tujuavyo, vidonda vyake si vyepesi kupona.

Nikiwa na karatasi zangu hizo nilimfuata daktari mmoja hapa mjini, muumini mwenzetu wa safu ya pili. Nilitaraji anijibu ndiyo au hapana. Badala yake aliniuliza mzee ametumia dawa gani mpaka sasa.

Nikamtajia: diklofenaki, panadoli, mafuta ya kuchua, mitishamba ya aina mbili, na kikombe cha mtu fulani wa huko njia ya Singida. Daktari akatikisa kichwa. Diklofenaki haitulizi maumivu ya mshipa wa fahamu, na kwa mwenye kisukari inaweza kumwongezea tatizo la figo. Akauliza kama hajawahi kupewa amitriptilini. Kwa bahati nilikuwa na daftari lake la kliniki. Tulipofungua tukaikuta, imeandikwa miaka miwili nyuma. Baba mdogo alikuwa ameimeza siku nne, kisha jirani akamwambia kuwa ni dawa ya wenye wazimu, akaiacha.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa kuwa nadhani wazee wengi wameangukia shimo hili. Ni kweli amitriptilini ilianza kama dawa ya sonona. Lakini kwa kipimo kidogo, ikimezwa usiku, imejulikana kwa miaka mingi kuwa hutuliza mishipa ya fahamu iliyojeruhiwa. Ni rahisi, hupatikana, na haitoi matunda yake katika siku nne. Huhitaji wiki kadhaa, huku kipimo kikipandishwa polepole. Ina kero zake: kinywa kukauka, kizunguzungu cha asubuhi, na kwa wazee wa kiume mkojo unaweza kuzuilika, hivyo yataka daktari aifuatilie. Asiyeiweza zipo nyingine, kama gabapentini, pregabalini na duloksetini.

Kisha daktari akaona jambo jingine katika daftari lile. Mzee ametumia metformini, kile kidonge cha kisukari ambacho karibu kila nyumba inakijua, kwa miaka minane. Dawa hiyo ni njema, lakini ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu wa vitamini hiyo wenyewe huunguza miguu. Hupimwa kwa damu na hutibiwa kwa sindano au vidonge. Alitaka pia sukari ipimwe kwa kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu, na damu ya miguuni ichunguzwe kama inafika. Hayo yote yanafanyika hapa Dodoma. Hata wagonjwa wa ule utafiti wa Marekani walikuwa wameshajaribu dawa za mishipa ya fahamu zikashindwa, na wenye sukari iliyopanda kupita kiasi hawakupokelewa. Uingereza nayo, katika mwongozo wake wa mwaka 2008, hukiruhusu kifaa kwa mtu ambaye maumivu yamemdumu angalau miezi 6 licha ya tiba za kawaida kutumika ipasavyo, na aliyefaulu katika majaribio. Kwa kanuni hizo baba mdogo alikuwa bado hajafika hata mlangoni, nasi tulikuwa tumekwisha kumkatia tiketi.

Nisieleweke kuwa naidharau tiba ya vifaa. Betri za moyo huwekwa nchini mwetu, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mwaka 2017 Muhimbili ilianza kuwapandikizia watoto viziwi kifaa cha kusikia, nacho kwa hakika ni kifaa kinachochochea mshipa wa fahamu kwa umeme. Na ni hapahapa Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, ambapo figo ilipandikizwa mwaka 2018 kwa ushirikiano na madaktari wa Japani. Aliyesema miaka ishirini iliyopita kwamba haya yatafanyika kwenye mji wetu wa vumbi angechekwa.

Linalonitia shaka ni maisha ya kifaa baada ya ndege kutua. Betri za kuchajiwa huchajiwa kupitia ngozi, nyingine kila siku, nyingine mara chache kwa wiki, na kijijini kwa baba mdogo umeme hukatika siku mbili mfululizo masika yakianza. Zisizochajiwa huisha baada ya miaka michache, zikahitaji operesheni ya kuzibadili. Mapigo yake hurekebishwa na fundi mwenye kompyuta maalumu. Fundi huyo atakuwa wapi, na nauli ya kumfikia atalipa nani mwaka wa tatu, wakati huruma ya mchango imepoa? Msikiti wetu ulipata kununua mtambo wa sauti wa fahari ambao kipuri chake hakikupatikana. Leo tunauwekea majuzuu juu yake. Mtambo wa sauti hauna uchungu. Mgongo wa mzee unao.

Mwenye kifaa lazima pia amwambie kila mtabibu kuwa anacho. Baadhi ya vifaa haviruhusu kipimo cha MRI, au huruhusu kwa masharti, na ile tiba ya joto la mawimbi ya umeme katika mazoezi ya viungo ni hatari kwake kabisa. Kwenye viwanja vya ndege, ikiwamo safari ya Hija, hubeba kadi ya kukionyesha.

Upande wa sheria sikukuta kizuizi. Sahaba Arfaja bin Asaad alikatwa pua katika vita vya Kulab, akajitengenezea ya fedha; iliponuka, Mtume (S.A.W.) akamwelekeza atumie ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Wanachuoni wameitegemea riwaya hiyo, iliyomo katika Abu Daud na Tirmidhi, katika kuruhusu viungo vya kutengenezwa. Baba mdogo yeye alikuwa na wasiwasi wa udhu. Nilimweleza kuwa kifaa kiko chini ya ngozi na hakizuii maji. Kidonda chake kinakuwa mgongoni na kwenye kalio, mahali pasipo viungo vya udhu, kwa hiyo ni josho tu ndilo lenye maneno mpaka kipone: ataosha palipo pazima, na kwa madhehebu yetu ya Shafii atayamamu kwa ajili ya mahali pa kidonda. Jambo zito zaidi ni kwamba kwa wiki kadhaa baada ya operesheni mgonjwa hukatazwa kuinama na kujipinda ili nyaya zisihame, basi rukuu na sijida zake zitakuwa za ishara. Imran bin Huswain, aliyesumbuliwa na bawasiri, alipewa na Mtume (S.A.W.) ruhusa iliyo wazi ya kuswali kwa kukaa akishindwa kusimama, na kwa ubavu akishindwa kukaa. Mwenye kukalia kiti kwa udhuru hana la kuonea haya mbele ya vijana.

Na kuhusu subira, tunapenda kumtaja Urwa bin Zubeir, aliyekatwa mguu uliokuwa ukiliwa na maradhi, akastahimili kwa namna inayosimuliwa mpaka leo. Nami nimemtaja mimbarini. Tunachosahau kukitaja ni kwamba Urwa aliwakubali matabibu, akautoa mguu wake ukatwe. Tena kuna yule mwanamke mwenye kifafa, aliyemjia Mtume (S.A.W.) kuomba dua, akapewa hiari: asubiri na apate Pepo, au aombewe afya. Aliulizwa. Hakuamuliwa na ndugu zake.

Jambo moja daktari alilisisitiza kuliko kifaa. Kikiwekwa kikafaulu kabisa, mguu wa kisukari hubaki mguu wa kisukari, nao ukinyamaza huenda ukasahauliwa. Hapa nchini tunaye bingwa ambaye dunia nzima ya tiba ya miguu inamjua, Dakta Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, aliyeshiriki tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuanzisha mpango wa kufundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kuutazama na kuutunza mguu wa mgonjwa wa kisukari kabla haujafika kwenye msumeno. Yeye na wenzake wameandika hata juu ya wagonjwa wanaotafunwa vidole na panya wakiwa usingizini wasihisi.

Niliposikia hayo nilikwenda kutazama mahali petu pa kutawadhia kwa jicho jingine. Saruji kutoka hapo hadi barazani haina kivuli, na mwezi wa Oktoba huunguza nyayo za mtu mzima wa afya. Asubuhi za Juni na Julai, kwa baridi yetu, wazee huletewa maji ya moto katika birika; asiye na hisia miguuni hana njia ya kujua kuwa yamezidi, na ngozi hubabuka. Tumeweka sasa benchi, ndara za kutosha, na tangazo kwamba maji ya moto yapimwe kwa kiwiko, au na mtu mwenye hisia kamili, kabla ya kumwagwa miguuni. Pana pia kitambaa kikavu cha kila mzee kwa ajili ya katikati ya vidole, ambapo Sunna inatutaka tupitishe kidole, na ambapo unyevu ukibaki ndipo ngozi huchanika. Gharama yote haikufika laki mbili.

Fedha za mchango ni amana. Zilitolewa kwa jina la safari ya India, nasi hatuna haki ya kuzigeuza kuwa benchi. Tulisoma majina ya watoaji Ijumaa iliyofuata, nikaeleza kosa langu, tukawapa hiari ya kurudishiwa. Wanne walichukua. Waliobaki wamekubali zisubiri katika hesabu yake pekee mpaka mzee aseme neno lake, ikiwamo kuzitumia kwa vipimo na dawa.

Neno lake la kwanza amelitoa. Atameza dawa ya usiku kwa miezi mitatu bila kumsikiliza jirani, atachomwa sindano za B12 kwa kuwa kipimo kimeonyesha upungufu, na sukari ataishughulikia. Akishindwa, atakubali ile wiki ya majaribio, kwa sharti kwamba waya ukivutwa asilaumiwe kwa nauli iliyopotea. Watoto wake wametia saini kwenye daftari langu la kamati, kwa kicheko, lakini wametia.

Wiki hii ni ya saba. Juzi alfajiri nilimkuta kwenye benchi amemaliza udhu, mguu ameunyoosha juu ya paja la mjukuu wake wa darasa la nne, na mtoto anamulika unyayo kwa tochi ya simu, kidole hadi kidole. Nilimsalimu, nikamuuliza amelalaje. Akaniambia amelala saa nne, tena mfululizo, ila kinywa kimemkauka kama ametembea kutoka Kolo. Akamwambia mtoto aangalie na kisigino.